Ufa wa Muundi na Upande Ulipokaa

Miongoni mwa maradhi ambayo mgonjwa huyaleta kwa miguu yake mwenyewe mpaka mbele ya tabibu, akakaa katika benchi la wagonjwa wa nje na kungoja zamu yake sawa na aliyekuja kwa mafua, ufa wa uchovu katika mfupa wa muundi ni mojawapo ya yale yanayodharauliwa upesi, kwa sababu mguu haukupinda, ngozi haikuchubuka, hakuna kilichouangukia, na picha ya eksirei iliyopigwa siku ile ile aghalabu hurudi safi. Mtu huambiwa picha haina kitu, akaandikiwa diklofenaki, akashauriwa apumzike siku mbili tatu, na siku hizo zikiisha akarudi mazoezini na ufa wake. Nataka kueleza jinsi kazi hii inavyofanywa na wanaoijua, tangu swali la kwanza hadi siku ya kumruhusu mgonjwa kukimbia tena, na nitashikilia jambo moja ambalo kwa rai yangu ndilo linalobeba mengine yote: kwamba tabibu asiulize tu kama mfupa umepata ufa, bali aulize ufa huo umekaa upande gani wa mfupa, maana jibu la swali hilo la pili ndilo linaloamua kama mgonjwa atatibiwa kwa subira akiwa nyumbani kwake au atapewa magongo na rufaa siku hiyo hiyo.

Wa kwanza kuandikwa kuwa na maradhi ya jamii hii walikuwa askari. Mwaka 1855 Breithaupt, tabibu wa jeshi la Prussia, alieleza habari za askari waliovimba na kuumwa nyayo baada ya safari ndefu za miguu, wala hakuweza kujua kilichokuwa ndani, kwa kuwa jicho la binadamu lilikuwa bado halijapata njia ya kupenya nyama. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1895, Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miali ya eksirei, na mwaka 1897 Stechow akaitumia kuthibitisha kwamba ndani ya nyayo zile zilizovimba mlikuwa na mifupa iliyopasuka. Hapo ikazuka desturi, yenye faida yake na hasara yake, ya kuamini kwamba mfupa usioonyesha ufa katika picha hauna ufa. Ilhali picha ya siku za mwanzo hukosa kuuonyesha ufa wa namna hii mara nyingi zaidi kuliko inavyouonyesha, na alama ya kwanza inayojitokeza juu yake, kwa kawaida baada ya wiki mbili au tatu, mara nyingi si ufa wenyewe bali ni utando mwembamba mweupe wa mfupa mpya uliojengwa kandokando ya ganda la ule wa zamani. Kwa maneno mengine, picha huonyesha matengenezo kabla ya kuonyesha uharibifu.

Sababu yake imo katika maumbile ya mfupa. Mfupa ni kitu hai. Hubomolewa na kujengwa maisha yote, na mtu akiuongezea mzigo huitikia kwa kujitengeneza upya ili uukabili mzigo huo, jambo ambalo Julius Wolff, tabibu wa Berlin, alilitungia kitabu mwaka 1892. Lakini matengenezo hayo yana hatari katika mpangilio wake. Fundi wa nyumba ya mawe anayetaka kuuimarisha ukuta huanza kwa kung'oa mawe mabovu, na kabla hajalijaza pengo ukuta huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hajaugusa. Na mfupa nao ni hivyo hivyo, kwa kuwa seli zinazobomoa humaliza zamu yao kwa muda wa wiki tatu hivi, na zile zinazojenga huhitaji kama miezi mitatu kulijaza pengo lile lile. Mtu aliyeanza mazoezi makali leo atakuwa na mfupa dhaifu kuliko kawaida yake katika wiki ya tatu, ya nne na ya tano, wakati ambapo pumzi yake imekwisha kupanuka, misuli yake imekwisha kukaza, na mwalimu wake anamwona yu tayari kuongezewa. Ndiyo maana ufa huu huwapata watu walio katika hali ya kupata nguvu, si walio katika hali ya kuzipoteza, na ndiyo maana pia wenyewe huwa wazito kuamini.

Katika wanariadha 320 wa Kanada wenye nyufa za uchovu, ambao habari zao zilichapishwa mwaka 1987, mfupa mkubwa wa muundi, yaani tibia, peke yake ulichukua asilimia 49.1 ya nyufa zote. Mfupa huo haubebi uzito kwa kusimama wima tu, bali hupindwa. Mtu anapokimbia, uzito wa mwili na mvuto wa misuli mizito ya shavu la mguu huutaka upinde, upande wa nyuma ukabanwa na upande wa mbele ukatanuliwa. Mfupa huvumilia kubanwa kuliko kutanuliwa. Na ufa uliokaa nyuma, kingo zake husukumwa zikutane kwa kila hatua, hali ufa uliokaa mbele hufunguliwa kwa kila hatua, na tena ganda la mbele la muundi halina nyama juu yake wala damu nyingi ya kulilisha. Nyufa mbili katika mfupa mmoja, zikiachana kwa upana wa vidole viwili tu, zina mwisho mbalimbali kabisa.

Tumfikirie sasa kijana aliyemaliza kidato cha sita, akapelekwa katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambaye kabla ya hapo mbio zake zote zilikuwa za uwanja wa shule, na sasa kila alfajiri anakimbia mchakamchaka akiwa na viatu vigumu kwenye barabara ya changarawe. Katika wiki ya nne anafika kwa tabibu na kusema: "Daktari, mwanzo ulikuwa unauma nikishamaliza mchakamchaka tu, sasa unauma hata nikitembea kwenda bwaloni." Katika maneno hayo machache, kwa tabibu mwenye sikio, zimo robo tatu za utambuzi: maumivu yaliyoanza bila ajali, yakazidi kidogo kidogo, yakaja mapema zaidi katika kila zoezi, na hatimaye yakaingia katika mwendo wa kawaida. Kinachobaki kuulizwa ni nini kilibadilika katika wiki nne hadi nane zilizopita, iwe ni umbali, mwendo, ardhi, viatu au mzigo wa mgongoni. Kama amewahi kupata ufa wa namna hii, kwa kuwa aliyewahi kuupata yu karibu zaidi kuupata tena. Anakula nini na analala saa ngapi. Anatumia dawa gani, hasa zile za jamii ya kotisoni. Maswali haya hayachukui muda mrefu, na sioni udhuru wa kuyaacha kwa sababu foleni ni ndefu, kwa kuwa mgonjwa asiyeulizwa leo huirefusha foleni ya wiki ijayo.

Kisha mkono. "Nionyeshe kwa kidole kimoja, mwanangu, mahali panapouma." Agizo hili dogo lina thamani kuliko vifaa vingi, kwa maana mwenye ufa hulenga kidole chake mahali pamoja, ilhali mwenye maumivu ya utando unaoufunika mfupa, yale ambayo wakimbiaji huyajua mno na ambayo huwapata kwenye ukingo wa ndani na wa nyuma wa muundi, huufungua mkono wote na kuupitisha juu na chini. Wataalamu wameweka mpaka wa sentimita tano: maumivu yanapobonyezwa yakienea urefu wa sentimita tano au zaidi juu ya ukingo huo, dhana huelekea kwenye utando, yakiwa mahali pafinyu, panapouma vikali na pengine pana uvimbe mdogo unaohisiwa na ncha ya kidole, dhana huelekea kwenye ufa. Mpaka huu si ukuta wa chuma, kwani hali hizo mbili huweza kukaa pamoja katika mguu mmoja. Ama yule ambaye mguu wake hujaa na kubana kila akimbiapo umbali ule ule, ukafa ganzi, kisha ukatulia dakika chache tu baada ya kusimama, na akibonyezwa hana panapouma, huyo ugonjwa wake aghalabu ni wa shinikizo ndani ya misuli, na njia yake ni nyingine.

Tabibu na aupitishe mkono wake juu ya mfupa wote, tangu gotini hadi kifundoni, mbele, ndani, nyuma na nje, na aandike katika kadi ya mgonjwa mahali hasa palipouma. Ukingo wa ndani na wa nyuma ni mahali pa matumaini. Mfupa mwembamba wa nje, fibula, sentimita chache juu ya kifundo, nao ni wa matumaini, kwa kuwa hubeba sehemu ndogo tu ya uzito. Bali ukingo wa mbele, katikati ya muundi, pale ambapo mtu akijigonga kwenye kitanda huruka kwa maumivu, na nundu ya ndani ya kifundo cha mguu, ni mahali pa hadhari. Wapo wanaompima mgonjwa kwa kumrusha juu ya mguu mmoja waone kama maumivu yatakuja, na wapo wanaoweka uma wa sauti wenye mitetemo 128 kwa sekunde juu ya mfupa. Huo uma, kwa kadiri ulivyochunguzwa, haukuonyesha uthabiti wa kutosha kuwa hoja, na huko kuruka mimi nisingemtaka mgonjwa anayeumwa mbele ya muundi aruke hata mara moja, kwa kuwa ufa wa mahali pale unaweza kukamilika ukawa mvunjiko mbele ya macho ya aliyeuagiza.

Katika nchi zetu kuna haja ya kusimama kidogo hapa, kwa maana si kila mfupa uumao mahali pamoja umechoka. Maumivu ya usiku yanayomwamsha mtu ambaye hakufanya kazi yoyote, homa, kukonda, uvimbe unaokua, au mtoto mdogo anayechechemea bila mbio wala safari, haya humtaka tabibu auache ufa na kufikiri juu ya usaha ndani ya mfupa, kifua kikuu cha mifupa, au saratani. Mwenye selimundu anayelalamikia muundi huweza kuwa na mfupa uliokosa damu, na ghairi ya kuulizwa habari za aila yake hatatambuliwa. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma baada ya safari ndefu au uzazi, tabibu na afikiri juu ya damu iliyoganda mshipani kabla ya kufikiri juu ya mfupa.

Picha ya eksirei bado ina nafasi yake, kwanza kwa kuyatenga hayo niliyoyataja, na pili kwa kuutafuta ule mstari mweusi unaokata ganda la mbele la muundi katika picha ya ubavuni, mstari ambao madaktari wa michezo huuogopa kwa haki. Kipimo kinachoona mapema ni MRI, ambacho huonyesha maji yaliyovuja katika utando na katika uboho kabla ganda halijapasuka. Mwaka 1995 Michael Fredericson na wenzake wa Stanford, kwa kuwapima wakimbiaji 14 wenye miundi 18 iliyouma, walizipanga hali hizo katika daraja nne: ya kwanza utando peke yake umevimba, ya pili na ya tatu uboho nao umeingia, kidogo au sana, ya nne mstari wa ufa umeonekana. Faida ya mpango huo ni kwamba ulimpa tabibu njia ya kumwambia mgonjwa muda, kwa kuwa daraja la kwanza huhitaji wiki chache na la nne huhitaji kama miezi mitatu. Kabla ya hapo iliaminiwa picha ya nyuklia ya teknetiamu, ambayo huona kila mahali mfupa unapojengwa lakini haisemi unajengwa kwa sababu gani.

Lakini MRI si kitu cha zahanati, wala si cha hospitali nyingi za wilaya, na gharama yake humfikirisha hata mwenye mshahara. Je, tabibu asiye nayo afanye nini? Aamini kidole chake. Ikiwa habari za mgonjwa zinapatana na mahali panapouma, na mahali penyewe ni ukingo wa nyuma au fibula, amtibu kana kwamba ufa umethibitishwa, ampige picha nyingine baada ya wiki mbili au tatu, na alinganishe. Hasara ya kumpumzisha asiye na ufa ni wiki chache za mazoezi. Hasara ya kumkimbiza mwenye ufa huweza kuwa mfupa uliokatika. Katika ukingo wa mbele hesabu ni tofauti: hapo shaka peke yake inatosha kumnyima mgonjwa idhini ya kuukanyagia mguu mpaka kipimo kikubwa kipatikane.

Tiba ya ufa wa nyuma ni nyepesi kuieleza na nzito kuisimamia. Mgonjwa huacha kukimbia, kuruka na kubeba mizigo. Haachi kutembea, isipokuwa kutembea kwenyewe kunamuuma, na hapo hupewa magongo mpaka aweze kutembea bila kuchechemea. Hogo la plasta halihitajiki kwa wengi, nalo hukondesha misuli ambayo ndiyo ngao ya mfupa. Kuogelea na kuendesha baiskeli huruhusiwa mapema kwa sharti la kutouma. Kwa maumivu, parasetamoli hutosha; diklofenaki na brufeni, ijapokuwa ushahidi juu ya madhara yake kwa mfupa wa binadamu unaopona haujakata shauri, zina kasoro nyingine iliyo wazi, nayo ni kuyanyamazisha maumivu ambayo katika ugonjwa huu ndiyo kipimo cha kila siku. Kwa kadiri kubwa, wiki nne hadi nane hutosha.

Lipo pia gango la kujazwa hewa, linalouzunguka muundi wote, ambalo katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997 waliolivaa walirudi katika mazoezi kamili baada ya siku 21, na wasiolivaa baada ya siku 77. Tofauti hiyo ni kubwa mno kiasi cha kumtia mtu tamaa, lakini wagonjwa wenyewe walikuwa 18 tu, na mimi ningelitumia pale linapopatikana bila kumwahidi mtu siku 21.

Ufa wa mbele na ule wa nundu ya kifundo haufai kukaa mikononi mwa tabibu wa wagonjwa wa nje isipokuwa kwa muda wa kuandikiwa rufaa. Mgonjwa hupewa magongo papo hapo, akaonywa asikanyage, akapelekwa kwa bingwa wa mifupa, iwe ni hospitali ya mkoa au, kwa walio karibu na Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili. Huko ataamuliwa kati ya njia mbili: kungoja, ambako kwa ufa wa mbele huweza kuchukua miezi sita au zaidi na bado usipone, au upasuaji wa kupitisha chuma kirefu ndani ya uboho. Mwanariadha anayeishi kwa miguu yake mara nyingi huchagua chuma, na sioni sababu ya kumlaumu.

Sasa nije kwenye jambo linalorukwa kuliko yote, ambalo ni chakula. Mwili usiopata nishati ya kutosha kwa kazi unayofanyishwa hupunguza matumizi pale ambapo mwenyewe haoni, ukiwamo ujenzi wa mifupa na, kwa wanawake, mzunguko wa hedhi. Binti mkimbiaji ambaye siku zake zimekatika miezi mitatu au minne hana ufa peke yake. Ana upungufu ulioleta ufa, na akiuguzwa mfupa bila kulishwa atarudi na ufa wa pili. Swali la hedhi huwa zito kwa tabibu mwanamume mbele ya msichana aliyekuja na mwalimu wake, na dawa yake ni kumwomba mwalimu atoke, na muuguzi wa kike aliulize kwa faragha na adabu. Haifai kuliacha kwa haya. Wapo pia wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ambayo inajulikana kupunguza uzito wa mifupa kwa kiasi. Hilo liandikwe na kuzungumzwa, pasipo kumtisha mtu akaiacha bila kupata njia nyingine.

Kuhusu kalsiamu na vitamini D, jaribio kubwa lilifanywa kwa wanawake 5,201 walioingia jeshi la majini la Marekani, na matokeo yake kutolewa mwaka 2008: waliopewa kila siku miligramu 2,000 za kalsiamu na yuniti 800 za vitamini D kwa wiki nane walipata nyufa pungufu kwa asilimia 20. Mtu atasema kwamba jua letu linatosha, na kwa Wamasai na Wahadzabe maneno hayo yana ushahidi, kwa kuwa uchunguzi wa mwaka 2012 uliwakuta na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho Wazungu wengi hawakifikii. Lakini anayeshinda ofisini au aliyejifunika tangu utosini hadi nyayoni hanufaiki na jua linalowaka juu ya paa lake.

Kurudi kwenye mbio huanza pale mgonjwa anapomaliza siku tano mfululizo za mwendo wa kawaida bila maumivu, na pale kidole cha tabibu kinapobonyeza mahali pale pale bila jibu. Huanza kwa kutembea na kukimbia kwa zamu, siku moja mazoezi na siku moja kupumzika, umbali ukiongezwa kwanza na kasi ikifuata; vilima, changarawe na mizigo huja mwisho. Maumivu yakirudi mahali pale pale, hurudi hatua ya nyuma na kukaa huko mpaka yatulie. Picha haingojwi isafike, maana alama ya mfupa mpya hubaki juu yake muda mrefu baada ya ufa kupona.

Kwa kuruta wetu haya yote hutegemea karatasi moja, ile atakayompelekea mkuu wake wa kambi. Ikiandikwa "apumzike" tu, atasamehewa mchakamchaka na kupelekwa kubeba matofali. Na makamanda husikia wakielezwa: katika jeshi la Israeli, ambako uchunguzi uliochapishwa mwaka 1985 uliwakuta asilimia 31 ya makuruta 295 wakiwa na nyufa, watafiti waliandika mwaka 2008 kwamba kupunguza jumla ya mwendo wa miguu na kuwahakikishia makuruta angalau saa sita za usingizi kulizishusha nyufa kwa zaidi ya asilimia 60. Kwa hiyo karatasi itaje kwa jina yaliyokatazwa, yaani kukimbia, kuruka, gwaride na mizigo. Itaje yaliyoruhusiwa, yaani kutembea polepole, kazi za kukaa na mazoezi ya mikono. Na iweke tarehe ya kurudi kubonyezwa tena muundi, baada ya wiki mbili.